Jogoo yumo kwenye ngao, ng'ombe yuko nje: Bodi ya Maziwa ya Kenya na alama zake

Noti ya shilingi 10 iliyotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 1981 ina sura ya Rais Daniel arap Moi upande wa mbele. Ukiigeuza, unawakuta watoto wa shule wakinywa maziwa. Noti hiyo ilizunguka mikononi mwa wauza sukuma wiki, makondakta wa matatu na wachuma chai kwa miaka mingi, hadi mwaka 1989 ilipotolewa nyingine ambayo nyuma yake palichorwa majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye shilingi 10 ikageuzwa sarafu, na siku hizi noti ya wale watoto huonekana zaidi kwa wakusanyaji wa pesa za zamani.

Kama ilivyo ada, noti ile ilibeba pia nembo ya taifa, na hapo ndipo penye jambo. Nembo ya Kenya ina simba wawili walioshika mikuki na kuishikilia ngao. Ndani ya ngao yumo jogoo aliyeshika shoka. Chini ya miguu ya simba uko Mlima Kenya, na mlimani pameota kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi. Chini kabisa limeandikwa neno Harambee. Tafuta ng'ombe mpaka uchoke, hayupo. Majirani nao ni vivyo hivyo. Nembo ya Tanzania ina bibi na bwana, pembe za ndovu, karafuu na pamba. Ya Uganda ina swala na korongo, kahawa na pamba. Hawa wote ni watu waliolipa mahari kwa ng'ombe, wakatoza faini kwa ng'ombe na kusuluhisha ugomvi wa damu kwa ng'ombe, ila wakati wa kujichorea ngao walimwacha malishoni. Botswana ndiyo iliyoona vingine, ikaweka kichwa cha fahali kwenye ngao yake ilipojitawala mwaka 1966.

Jogoo wa Kenya alitoka katika chama cha KANU, kwa hiyo tunajua alivyoingia. Mazao yale mlimani nayo yanajieleza: sehemu kubwa yake ni bidhaa za kuuza ng'ambo, na nembo ya dola hutazama nje zaidi kuliko ndani. Maziwa ya Kenya hunywewa na Wakenya wenyewe, tena mengi huishia kwenye chai ya asubuhi kabla jua halijapanda. Kwa mantiki hiyo hayakuwa na hoja ya kupewa nafasi mlimani.

Hata hivyo maziwa hayajawahi kukosa alama. Yamekuwa nazo nyingi mno, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Ukiifuatilia historia ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1958, utagundua kwamba swali lililoisumbua tangu siku ya kwanza ni lile lile: nani ana haki ya kuweka alama yake kwenye maziwa ya nani.

Alama za mwanzo hazikuwekwa kwenye maziwa bali kwenye ngozi. Wamaasai walikuwa wakikata masikio ya ng'ombe na kuwapiga chapa ya moto kwa namna iliyoonyesha ukoo wa mwenye kundi. Mtu aliyekutana na ng'ombe aliyepotea alisoma sikio na ubavu, akajua ampeleke boma gani. Walowezi wa Kizungu walipofika walikuja na utaratibu wao wa chapa, wa kuandikishwa serikalini kwa herufi. Chapa ya ukoo ilijulikana na kila mchungaji wa eneo lile. Chapa ya serikali ilijulikana na karani mwenye daftari.

Mlowezi aliyejulikana kuliko wote katika mambo ya mifugo alikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere, mtu wa ukoo wenye makao yake Cheshire, sehemu ya Uingereza yenye sifa ya jibini. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipewa ardhi kubwa ajabu Njoro, akaleta mifugo kutoka nje, na mifugo ikafa. Malisho ya Njoro yalipungukiwa na madini, jambo ambalo Wamaasai walikuwa wanalijua, ndiyo maana walikuwa hawalishi hapo. Walionusurika na malisho walikutana na ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao ng'ombe wa kienyeji waliuzoea kwa kiasi fulani na wageni hawakuuweza hata kidogo. Delamere alikaribia kufilisika. Alijifunza kwa gharama kubwa kwamba ng'ombe wa gredi, yaani wa mbegu ya kigeni, bila josho, bila ua na bila daktari wa mifugo ni pesa iliyotupwa. Somo hilo baadaye liligeuzwa kuwa hoja ya kuwazuia Waafrika wasifuge ng'ombe hao: watawaambukiza wa kwetu, walisema walowezi.

Mwaka 1925 walowezi wafuga ng'ombe waliunda kampuni yao ya ushirika, Kenya Co-operative Creameries, ambayo kila Mkenya anaiita KCC. Mpango wake ulitokana na umbali. Maziwa mabichi yasingefika Nairobi yakiwa salama kutoka shamba la mbali, achilia mbali Mombasa au London. Kwa hiyo mfugaji alikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotenga krimu na maziwa. Krimu ilitiwa kwenye mitungi ya chuma, ikapandishwa gari la moshi hadi kiwandani, ikafanywa siagi. Maziwa yaliyobaki, yasiyo na mafuta, yalinywewa na ndama na nguruwe. Mfugaji alilipwa kwa kipimo cha mafuta, na siagi ilisafiri hadi Uingereza ikiwa na jina la Kenya juu yake. Mfugaji Mwafrika hakuwa na nafasi katika mpango huo isipokuwa kama mkamuaji wa kuajiriwa, au kama mchemsha samli huko kwao, aiuze kwa mwenye duka.

Wakati huohuo, huko Uingereza kwenyewe, wafugaji walikuwa na kilio chao. Bei ilikuwa imeporomoka, na kila mkulima alikuwa peke yake mbele ya kampuni chache kubwa za kununua maziwa. Asiyeuza leo, kesho maziwa yamechacha. Kwa hiyo mwaka 1933, chini ya sheria za masoko ya mazao za 1931 na 1933, wafugaji wa England na Wales walipiga kura na kujiundia bodi, Milk Marketing Board. Kila aliyetaka kuuza maziwa ilimbidi ajiandikishe kwake. Bodi ndiyo ikawa mnunuzi, ikakusanya mapato yote kwenye kapu moja na kuwalipa wafugaji, awe wa karibu na mji au wa bondeni kusikopita mtu. Iliishi miaka 61, ikavunjwa mwaka 1994.

Msomaji anayependa kandanda ameshawahi kukutana na bodi hiyo bila kujua. Kuanzia 1982 hadi 1986 kombe la ligi la Uingereza liliitwa Milk Cup, Kombe la Maziwa, kwa udhamini wa wauza maziwa hao. Liverpool walilibeba mara tatu mfululizo, kisha Norwich, kisha Oxford United. Kabla ya hapo, tangu 1958, yalikuwapo mashindano ya baiskeli yaliyoitwa Milk Race. Chombo cha wakulima kiliweka jina la bidhaa yao kwenye vifua vya wanamichezo, na watu wakalishangilia. Ni ujanja wa nembo uliopita ngao yoyote ya mabwana wenye makasri.

Natoa mfano huo kwa sababu maafisa wa kilimo wa koloni walitoka katika fikra hizo hizo, na kwa sababu kilichoanzishwa Nairobi robo karne baadaye kilifanana na cha Uingereza kwa jina kuliko kwa kazi. Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya 1958 iliunda Bodi ya Maziwa ya Kenya na kuipa kazi ya kupanga, kudhibiti na kuendeleza uzalishaji, usindikaji na uuzaji. Bodi ilitoa leseni, ikatoza ushuru kwa kila kilo iliyouzwa na kutenga maeneo ya miji ambamo maziwa yasiyosindikwa hayakuruhusiwa kuuzwa. Lakini haikununua maziwa. Kazi hiyo ilibaki kwa KCC, wakala wa bodi, ambao bado ulikuwa mali ya walowezi. Kwa maneno mengine, mwamuzi aliajiriwa na serikali huku mpira ukiwa wa timu moja.

Muda nao unapaswa kutazamwa. Mwaka 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, afisa wa kilimo Roger Swynnerton alitoa mpango uliobeba jina lake. Mpango wa Swynnerton uliunganisha vipande vya ardhi, ukatoa hati na kuwaruhusu Waafrika kulima mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa gredi. Nia yake ya kisiasa haikufichwa: mtu mwenye hati ya shamba na ng'ombe wa Friesian zizini hataingia msituni. Bodi ilizaliwa miaka minne baadaye, wakati ambapo mitungi ya kwanza ya Waafrika ilikuwa inaanza kufika barabarani. Sidhani ilikuwa bahati nasibu. Soko lililokuwa la watu wachache wanaojuana lilikuwa karibu kufurika, na waliokuwamo walitaka mlango uwe na bawabu.

Jinsi bawabu alivyofanya kazi, tazama mfumo wa mikataba na viwango. Mfugaji mwenye mkataba aliahidi kupeleka kiasi kilekile cha maziwa mwaka mzima, masika na kiangazi, na kwa hilo alilipwa bei ya juu, bei ya maziwa ya kunywa mjini. Mwenye maziwa ya ziada, au asiye na mkataba, alilipwa kana kwamba maziwa yake yataishia kuwa siagi, hata kama yalimiminwa kwenye tangi lile lile. Nani ataweza kuahidi maziwa yaleyale Februari, majani yakiwa yamekauka? Ni yule mwenye ekari mia kadhaa, ghala la nyasi kavu na pesa za kununua chakula cha ng'ombe. Mwenye ng'ombe wawili Murang'a hakuweza, na karatasi ya mkataba haikumtaja kwa rangi wala kwa kabila. Haikuwa na haja.

Uhuru ulipokuja, serikali iliteua tume kuichunguza tasnia hii, na mwenyekiti wake akawa kijana mchumi aliyeitwa Mwai Kibaki. Ripoti ya 1965 ilitaka mfumo huo uondolewe na KCC ipokee maziwa ya kila mtu atakayeyaleta yakiwa mazuri. Utekelezaji ulikwenda polepole, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikataba ilikuwa imekwisha. Wakati huo mashamba ya walowezi yalikuwa yakigawanywa kwa wenyeji, ng'ombe wao wakiuzwa pamoja na ardhi, na huduma ya uhimilishaji kutoka kituo cha Kabete ilikuwa ikifika vijijini, mbegu ya fahali ikibebwa kwa gari hadi njia panda ambapo mfugaji alikuwa amemfunga ng'ombe wake akisubiri. Ndani ya kizazi kimoja maziwa ya Kenya yalihama kutoka kwa mabwana wenye maelfu ya ekari hadi kwa akina mama wenye ekari mbili na zizi nyuma ya jiko. Hakuna zao jingine la walowezi lililohama kwa kina namna hiyo. KCC ikawa na viwanda Naivasha, Eldoret, Kitale, Sotik, Kiganjo, Nairobi na hadi Miritini, Mombasa.

Hapo ndipo alama kubwa kuliko zote ilipotokea, na ilikuwa na pembe nne.

Moi aliingia Ikulu mwaka 1978 na mwaka uliofuata akatangaza maziwa ya bure kwa watoto wote wa shule za msingi. Yaliitwa maziwa ya Nyayo. Yalikuja katika pakiti ya karatasi yenye umbo la piramidi, mililita 200, ambayo ilikuwa na siri yake. Kampuni ya Tetra Pak ya Sweden iliingiza umbo hilo sokoni miaka ya 1950 kwa kuviringisha karatasi kuwa bomba, kulijaza maziwa na kulibana kwa joto, mara moja kwa upana na mara inayofuata kwa kukata upande wa pili. Bomba linakatika kuwa vipande vyenye nyuso nne za pembetatu bila karatasi kupotea. Maziwa yenyewe hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, yakapozwa na kufungwa bila hewa, ndiyo maana yaliweza kusafiri kwa lori hadi shule isiyo na umeme wala jokofu na kukaa stoo wiki kadhaa bila kuharibika.

Waliosoma wakati ule husimulia kwa undani usio wa kawaida kwa watu wanaokumbuka shule. Foleni kwa madarasa, mwalimu wa zamu na orodha, kona ya pakiti kung'atwa kwa meno, povu la kwanza. Wapo waliokunywa nusu na kuficha nusu kwa ajili ya wadogo wao waliobaki nyumbani. Wapo ambao matumbo yao hayakuyazoea, nao wanakumbuka zaidi njia ya chooni. Pakiti tupu hazikutupwa ovyo, kwa maana katika nchi hii pakiti ya maziwa ikishanywewa hutiwa udongo na kuoteshwa mche wa mti. Watoto ambao kwao hawakuwa na ng'ombe walionja maziwa yasiyo ya chai, wengine kwa mara ya kwanza.

Siasa ilikuwamo, bila shaka. Mtoto alijua maziwa yanatoka kwa nani, na hakujibu ni ya mfugaji wa Nyandarua. Jina la Nyayo lilikuwa la rais, na watoto wa kwenye noti ya shilingi 10 walikuwa nembo ya utawala wake kuliko jogoo yeyote. Mimi hata hivyo siwezi kuukejeli mpango huo. Ulimpa mtoto maziwa na ukampa mfugaji soko la uhakika, na KCC ilipanuka kwa ajili yake. Ugonjwa wake ni kwamba aliyelipa bili alikuwa serikali, na serikali ilikuwa mlipaji mchelewaji. Kufikia miaka ya 1990 mpango ulikuwa umefifia, shule moja baada ya nyingine, bila mtu kutangaza kwamba umekufa.

Kilichofuata hakihitaji maneno mengi. Mwaka 1992 serikali iliachia bei za maziwa na ukiritimba wa KCC mijini ukavunjika. Kampuni binafsi zikaingia, Brookside ya familia ya Kenyatta ikiwa mbele. KCC, iliyojaa wateule wa kisiasa na madeni, ikaanza kuwacheleweshea wafugaji malipo kwa miezi, na mfugaji asiyelipwa hutafuta mnunuzi mwingine hata kama ni wa baiskeli. Mwaka 2000 ikauzwa kwa kampuni ya watu walio karibu na wakubwa. Mwaka 2003 serikali mpya iliitwaa tena na kuiita New KCC, na rais aliyekuwa akitawala wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, yule yule wa ripoti ya 1965. Leo maziwa yake ya kukaa muda mrefu yanauzwa kwa jina la Gold Crown, taji la dhahabu. Kwenye rafu hiyo hiyo utaona mtindi wenye jina la Delamere. Himaya iliondoka na bendera yake, taji lake likabaki kwenye pakiti.

Basi tumrudie mtu wa baiskeli, maana yeye ndiye mkuu wa soko hili, apendwe asipendwe. Kenya huzalisha zaidi ya lita bilioni nne za maziwa kwa mwaka. Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa haipiti kiwandani kabisa. Hutoka kwa mfugaji hadi kwa jirani, hoteli ya chai, kioski, au mashine ya kuuzia maziwa iliyo kwenye mtaa wa makazi, ambapo mtu huingiza shilingi 50 na kuweka chupa yake chini ya bomba. Njiani yumo mchuuzi, zamani kwa baiskeli, sasa kwa bodaboda, mitungi imefungwa kwa mipira ya ndani ya tairi.

Kwa miaka mingi Bodi ilimwona mtu huyo kama mhalifu. Sheria ya 1958 ilikuwa imepiga marufuku maziwa yasiyosindikwa katika miji, na askari walijua barabara za kuvizia alfajiri. Maziwa yalimwagwa mitaroni, au mchuuzi alitoa chochote akapita. Bodi ilikuwa na hoja. Maziwa hubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela. Wapo wachuuzi wanaotia maji, na maji yenyewe yakawa ya mtaro. Jerikeni ya plastiki ina kona ambazo mkono wala brashi haifiki, na humo hubaki utando unaochachusha mzigo wa kesho.

Lakini sayansi ilipoitwa kutoa ushahidi ilisema jambo ambalo mama yeyote wa Kenya angelisema bila ruzuku. Kati ya mwaka 1997 na 2005 wizara, taasisi ya utafiti wa kilimo KARI na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo ILRI walifuatilia maziwa haya kutoka zizini hadi kwenye kikombe, na moja ya waliyoyakuta ni kwamba karibu kila nyumba huyachemsha kabla ya kuyanywa. Hatari iliyotajwa kwenye mabango ilikuwa ikimalizwa kwenye sufuria. Kuanzia 2004 Bodi ilibadili mwendo: badala ya kumfukuza mchuuzi, ikaanza kumfundisha usafi na vipimo, imkague na kumpa leseni. Mtungi wa aluminiamu ukawa sharti badala ya jerikeni.

Vipimo hivyo vinafaa kutazamwa kwa karibu, kwani ndivyo mahakama ya kweli ya tasnia hii. Nenda kituo chochote cha kukusanyia maziwa Kiambu au Nandi kabla ya saa moja asubuhi. Karani anafungua kifuniko na kukinusa kwanza, kabla ya kifaa chochote, na pua yake hukataa mitungi kuliko kemia. Kisha anachota maziwa kwenye silinda ndefu na kutumbukiza laktomita, bomba la kioo lenye uzito chini na namba shingoni. Linaelea likitikisika. Likitulia kati ya 28 na 32, maziwa ni mazito inavyopasa. Likizama zaidi, mtu ametia maji, na foleni nzima imeona. Tena anachanganya kiasi kidogo cha maziwa na alkoholi sawasawa, anatikisa na kuinamisha kioo. Yakiteleza laini, mwaga tangini. Yakiacha chembechembe ukutani yamekwisha kuanza kuchacha, au ni ya ng'ombe aliyezaa juzi na bado anatoa dang'a. Mwenye mtungi anaelekea nyumbani na maziwa yake, atayafanya mala.

Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachouliza kama wewe ni mlowezi, mwanachama wa ushirika, au mtu wa bodaboda.

Mwaka 2019 rasimu ya kanuni mpya ilipotoka, watu walisoma ndani yake kwamba uuzaji wa maziwa mabichi unarudishwa kifungoni. Wakenya waliwasha moto mitandaoni na mikutanoni, wengi wakiuliza viwanda vya nani vingefaidika mlango huo ukifungwa. Waziri wa kilimo akaiondoa rasimu. Kanuni nyingine zilichapishwa 2021, na ubishi umehamia kwenye ada, ushuru, na nani anakaguliwa mara ngapi. Ni ugomvi wa 1958 uliobadilisha nguo.

Katika haya yote Bodi haijawa na alama iliyoingia moyoni mwa watu. Muulize mtu mtaani nembo ya maziwa ni ipi. Wa makamo atakutajia piramidi. Kijana atataja kampuni anayoona kwenye basi. Ukimkuta Mkalenjin, atakuambia kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa, kibuyu kilichopakwa majivu ya mkaa wa mti maalumu ndani, na atakuwa na ushahidi, kwani mwanariadha akirudi nyumbani na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu hicho, kamera zote zikimwelekea. Hakuna wizara iliyolibuni hilo na hakuna aliyelipia tangazo.

Na bado kuna njia rasmi ya kupata nembo, ambayo Wakenya wachache sana wanaijua. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha chombo cha kutoa na kusajili nembo, kwa mfano wa kile cha London kilichokuwapo tangu 1484. Watu binafsi, miji, shule na mashirika wanaweza kuomba ngao yao wenyewe, ichorwe kwa kanuni za kale za rangi na umbo, iandikwe daftarini na ilindwe kisheria. Nchi zilizo na chombo cha namna hiyo barani Afrika ni za kuhesabu kwa vidole. Maana yake Bodi ya Maziwa ikitaka kumwingiza ng'ombe kwenye ngao aliyonyimwa, haihitaji kubadili nembo ya taifa. Inahitaji fomu.

Nikiulizwa, nitamwomba mchoraji asianze na ng'ombe, maana kila pakiti dukani ina ng'ombe anayetabasamu kwenye majani ambayo mfugaji wa Kiambu, anayemlisha wake ndani ya zizi kwa nyasi za napia zilizokatwa kwa panga, hajawahi kuyaona. Aweke laktomita, wima, katikati ya ngao nyeupe. Washikaji wa ngao wawe wawili: kulia mama mwenye ndoo ya kukamulia, kushoto mchuuzi mwenye leseni mfukoni, kofia ya pikipiki kichwani. Chini kwenye utepe yaandikwe maneno mawili, Chemsha Kwanza. Taji lisiwekwe. KCC wanalo tayari.